Sherehe ya vitabu shuleni ni ya mtoto ambaye bado hasomi

Katika miaka ya karibuni shule nyingi za msingi zimejitengea siku, na baadhi yake wiki nzima, ya kusherehekea vitabu na usomaji. Watoto huvaa mavazi ya wahusika wa hadithi, kuta za madarasa hupambwa kwa majalada yaliyochorwa na wanafunzi wenyewe, mwandishi au kiongozi fulani hualikwa kuwa mgeni rasmi, mashindano ya kusoma kwa sauti hufanyika jukwaani, na mwishoni msomaji bora hukabidhiwa zawadi huku wenzake wakimpigia makofi. Picha husambazwa siku hiyo hiyo, kisha mjadala huanza. Wapo wanaosema kwamba siku hiyo ni ushahidi kuwa utamaduni wa kusoma unarudi, na wapo wanaosema ni siku ya masomo iliyopotea bure. Pande hizo mbili zinatofautiana katika hukumu tu, kwa maana zote zinatazama jukwaa. Mtoto ambaye sherehe hii ingemfaa kuliko wote hayupo jukwaani. Amekaa safu za nyuma, yuko darasa la tatu au la nne, na hajaweza kusoma ukurasa mmoja wa hadithi akaeleza kilichotokea ndani yake.

Ninachotetea katika makala haya ni kwamba sherehe ya vitabu katika shule ya msingi hupimwa kwa kile inachomfanyia mtoto huyo. Shule ikiipanga kwa kumwangalia yeye, siku hiyo inaweza kuwa miongoni mwa siku zenye faida kubwa kabisa katika mwaka wa masomo. Ikiipanga kwa ajili ya watoto ambao tayari wanasoma, itakuwa inapanua pengo ambalo shule iliundwa kulipunguza, hata kama kila aliyehudhuria aliondoka akiwa amefurahi.

Chimbuko la siku yenyewe linaeleza sehemu ya tatizo. Siku ya Kimataifa ya Vitabu na Hakimiliki, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1995 na ambayo huadhimishwa tarehe 23 Aprili, ina mizizi yake Hispania katika miaka ya 1920, pale mchapishaji wa Barcelona aitwaye Vicente Clavel alipopendekeza iwepo siku maalumu ya vitabu. Mwaka 1930 siku hiyo ilihamishiwa tarehe 23 Aprili, tarehe inayohusishwa na vifo vya waandishi Cervantes wa Hispania na Shakespeare wa Uingereza mwaka 1616, ingawa nchi zao zilitumia kalenda tofauti na kwa hakika waandishi hao hawakufa siku moja. Lilikuwa wazo zuri la watu wa biashara ya vitabu, na lililenga watu wanaoweza kununua kitabu na kukisoma. UNESCO hiyo hiyo ina siku nyingine, tarehe 8 Septemba, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, ambayo inahusu kisomo, yaani watu ambao bado hawajapata uwezo wa kusoma na kuandika. Shule za msingi zimeipokea kwa shangwe siku ya kwanza pamoja na mapambo yake, ilhali wanafunzi wao wengi wanahusika zaidi na siku ya pili. Tumeazima sherehe ya wasomaji tukaipeleka mahali ambapo wasomaji ndio kwanza wanatengenezwa, na hatukuibadilisha vya kutosha.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauruhusu kulichukulia kama la pembeni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia, UNESCO, UNICEF na washirika wao walikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban asilimia 70 ya watoto wenye umri wa miaka 10 hawakuweza kusoma matini sahili na kuielewa. Kabla ya shule kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, makadirio hayo hayo yalikuwa asilimia 57. Hii ina maana kwamba katika madarasa mengi mtoto asiyesoma kwa ufahamu si wa kipekee anayehitaji kutafutwa kwa tochi. Huenda ndiye mtoto wa kawaida. Shule inapoandaa siku ya vitabu na kuwatanguliza wasomaji kumi bora, inawaandalia wachache na kuwaomba waliobaki wawe watazamaji.

Kuna sababu ya kuamini kwamba utazamaji huo una gharama. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Keith Stanovich alieleza jinsi tofauti ndogo za usomaji katika miaka ya mwanzo zinavyokua kadiri mtoto anavyopanda madarasa. Mtoto anayesoma kwa wepesi husoma zaidi, hukutana na maneno mengi zaidi, hujua mambo mengi zaidi, na kwa sababu hiyo kitabu kinachofuata kinakuwa rahisi kwake. Mwenzake anayesoma kwa taabu hukwepa kusoma, hukosa maneno na maarifa hayo, na kila kitabu kipya kinamwia kigumu kuliko kilichotangulia. Stanovich aliuita mwenendo huo kwa kurejelea maneno ya Injili ya Mathayo, kwamba mwenye kitu ataongezewa, na asiye nacho hata alicho nacho atanyang’anywa. Ukiiangalia ratiba ya kawaida ya siku ya vitabu kwa jicho hilo, utaona kwamba karibu kila kipengele chake kinamwongezea aliye nacho. Anayesoma vizuri ndiye hupewa kifungu cha kusoma mbele ya wageni, ndiye hukutana na mwandishi, ndiye hupewa kitabu cha zawadi, na bila shaka kwao kitabu hicho hakitakuwa cha kwanza.

Shindano la kusoma kwa sauti linahitaji kutazamwa kwa uangalifu zaidi kuliko vipengele vingine, kwa kuwa linaaminiwa mno. Katika lugha ambazo maandishi yake yanafuata sauti kwa karibu, Kiswahili kikiwa mojawapo, mtoto akishamudu silabi anaweza kutamka karibu neno lolote lililo mbele yake. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wa lugha zenye maandishi ya kutabirika huifikia hatua ya kutamka maneno mapema zaidi kuliko watoto wanaojifunza kwa Kiingereza. Hiyo ni neema kubwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ina upande wa pili, nao ni kwamba mtoto anaweza kusimama jukwaani, akasoma aya nzima kwa sauti nzuri bila kukwama, akashangiliwa na kushuka, na asiweze kusema mhusika alikuwa anatafuta nini au kwa nini alikasirika. Shindano limempima sauti, kumbukumbu na ujasiri. Kama kamati ya waamuzi haikuuliza hata swali moja kuhusu maana ya kilichosomwa, shule imewafundisha watoto wote waliokuwa wakisikiliza kwamba kusoma ni kutamka, na imewafundisha hivyo katika siku ambayo walikuwa makini kuliko siku nyingine yoyote.

Sasa niwape nafasi wanaosema siku hii inapoteza muda, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika. Wanasema kwamba mtoto asiyejua kuunganisha herufi na sauti zake hatajifunza kwa kuvaa kofia ya mfalme. Atajifunza kwa mafunzo ya kila siku, ya hatua kwa hatua, kutoka kwa mwalimu anayejua anachofanya. Hilo ni kweli, na atakayelikana hajawahi kukaa na mtoto wa miaka saba anayehangaika na silabi. Wanaongeza kwamba ratiba ya shule ina mipaka, kwamba maandalizi ya sherehe hula muda mrefu kuliko siku yenyewe, na kwamba walimu wanaoshughulika na maturubai na vipaza sauti wiki nzima ni wale wale ambao wangekuwa wanasikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja. Hilo nalo ni kweli. Wanakosea mahali pamoja tu. Wanachukulia kwamba mafunzo ya herufi na sauti ndiyo kusoma kote, na kwamba vitabu vyenyewe vinaweza kusubiri hadi mafunzo hayo yaishe.

Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa uwazi mwaka 1986. Walipendekeza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishana, yaani uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuelewa lugha inaposikika. Waliona kwamba ni kuzidisha, wala si kujumlisha, kwa sababu kimoja kikiwa sifuri jawabu ni sifuri hata kama kingine ni kikubwa namna gani. Mtoto anayetamka kila neno lakini hana msamiati wala uzoefu wa namna hadithi inavyojengwa hataelewa. Na mtoto mwenye lugha tajiri asiyeweza kutambua maneno hataanza. Mafunzo ya silabi yanahudumia upande wa kwanza. Upande wa pili hukua kwa kusikia lugha ya vitabu, ambayo ina maneno na miundo isiyotokea mara kwa mara katika mazungumzo ya kila siku. Na hapa ndipo siku ya vitabu ina nafasi ambayo haipatikani kirahisi katika vipindi vya kawaida, kwani mtoto ambaye hajaweza kusoma anaweza kusomewa. Akisomewa hadithi nzuri na mtu mzima anayesoma kwa kuelewa, asiyeharakisha, anayesimama kuuliza nini kitafuata, mtoto huyo anakuwa ndani ya kitabu kwa haki sawa na mwenzake wa safu ya mbele. Kwa nusu saa hiyo tofauti yao ya silabi haina kazi.

Kwa hiyo wakosoaji wa sherehe wako sahihi kuhusu sherehe nyingi walizoziona, na hawako sahihi kuhusu sherehe inayoweza kuwapo. Hali ni kama hiyo kwa watetezi wake, ambao hoja yao kuu ni kwamba siku hii inawapa watoto hamu. Hamu ni jambo kubwa. Ripoti ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, iliyotokana na upimaji wa mwaka 2000 ilionyesha kwamba vijana wa miaka 15 kutoka familia duni waliokuwa wakisoma sana na kwa kupenda walipata alama za juu kuliko vijana wa familia zenye uwezo ambao hawakuwa na mwelekeo huo. Bila shaka takwimu ya namna hiyo haituambii kipi kilitangulia, kupenda au kuweza, na huenda viwili hivyo vinalishana. Hata hivyo hakuna mwalimu atakayeikataa hamu akiletewa. Swali ni kama zawadi, vyeti na makofi vinaileta.

Majibu ya utafiti kuhusu swali hilo yanapaswa kuwafikirisha wote wanaopanga orodha za zawadi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lao na watoto wadogo wa chekechea ambao tayari walipenda kuchora. Watoto walioahidiwa cheti kizuri ili wachore, na wakakipata, baadaye walipoachwa wafanye watakalo walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia watoto ambao hawakuahidiwa chochote. Waliopewa cheti cha kushtukiza, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa na hamu. Mtu asilichukue jaribio hilo kuwa hukumu dhidi ya kila zawadi, maana lilihusu watoto waliokuwa na hamu tayari, na kwa mtoto ambaye hajaonja kabisa utamu wa jambo huenda kichocheo cha mwanzo kikamsaidia kulisogelea. Linachoonyesha ni kwamba ahadi ya tuzo inaweza kumfanya mtoto aione shughuli yenyewe kuwa bei anayolipa ili apate tuzo. Mwaka 2008 Barbara Marinak na Linda Gambrell walilijaribu jambo hili kwa usomaji wenyewe, kwa watoto wa darasa la tatu, wakakuta kwamba waliopewa kitabu kama zawadi waliendelea kuwa na hamu ya kusoma sawa na wasiopewa kitu, ilhali waliopewa vijizawadi visivyohusiana na kusoma hamu yao ilikuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo shule ikitaka kutoa kitu, itoe vitabu. Nami ninaongeza kwa uzito wote kwamba vitolewe kwa kila mtoto au visitolewe kabisa, kwa sababu kitabu kinachotolewa kwa mshindi peke yake kinawaambia watoto wengine wote kwamba vitabu ni vya washindi.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayorudiwa katika hotuba nyingi za siku hiyo, kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma kwa sababu ya simu na televisheni, na kwamba sherehe ni njia ya kuwavuta warudi kwenye vitabu. Kauli hii inasemwa mbele ya watoto ambao wengi wao hawana kitabu hata kimoja cha hadithi wanachoweza kukichukua kwa mikono yao na kwenda nacho nyumbani. Mtu hawezi kusemwa kuwa amekataa kitu ambacho hajapewa. Isitoshe, kauli hiyo inaligeuza tatizo la upatikanaji kuwa tatizo la tabia, na kwa kufanya hivyo inawaondolea lawama watu wazima waliopaswa kuvileta vitabu na kuwabebesha watoto waliopaswa kuvipokea.

Tunajua, kwa sababu lilijaribiwa, kinachotokea vitabu vinapowafikia watoto kwa wingi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya utafiti katika shule za msingi za vijijini nchini Fiji, kwa wanafunzi wa darasa la nne na la tano waliokuwa wakijifunza kusoma kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya kwao. Madarasa yaliyochaguliwa yalipelekewa vitabu 250 vya hadithi, vyenye picha na vya kuvutia, na watoto wakapewa nafasi ya kila siku ya kuvisoma au kusomewa na mwalimu na kuvijadili pamoja. Baada ya miezi minane maendeleo yao katika ufahamu wa kusoma na wa kusikiliza yalikuwa takriban mara mbili ya kiwango cha kawaida, na ufuatiliaji wa mwaka uliofuata ulionyesha faida hiyo ikiendelea. Hakuna hotuba iliyotolewa kuhusu utamaduni wa kusoma uliopotea. Vitabu vilikuwapo darasani, vilikuwa vingi, vilikuwa vya kuvutia, na kulikuwa na muda.

Ni haki kusema pia kwamba kuwapo kwa vitabu peke yake hakutoshi. Jopo la Taifa la Usomaji nchini Marekani, lililotoa ripoti yake mwaka 2000, halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwaachia watoto muda wa kusoma kimyakimya, bila mwongozo, kunaongeza ufasaha wao. Mtoto asiyeweza kusoma akipewa kitabu na dakika ishirini za ukimya atafungua kurasa, ataangalia picha, kisha atamtazama mwenzake. Kilichofanya kazi Fiji kilikuwa vitabu pamoja na mwalimu aliyejua la kuvifanyia, na ndiyo maana ninaona kwamba kazi kubwa zaidi ya siku ya vitabu inaweza kuwa kwa walimu wenyewe, ambao wengi wao hawakuwahi kusomewa hadithi shuleni walipokuwa watoto na hawakufundishwa chuoni namna ya kuisoma hadithi kwa darasa zima.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakizungumzwi jukwaani na ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko simu zote. Niliwahi kuhudhuria sherehe ya vitabu katika shule moja ya msingi, na baada ya wageni kuondoka nikamwona mwalimu akivihesabu vitabu vya maonyesho na kuvirudisha katika kabati lenye kufuli. Vilikuwa vipya, kurasa zake bado zimeshikana. Alinieleza bila kinyongo kwamba vimeandikwa katika daftari la mali ya shule, kwamba kila mwaka hukaguliwa, na kwamba kitakachopotea au kuchanika atatakiwa kukieleza yeye. Mwalimu huyo hakuwa mvivu wala adui wa kusoma. Alikuwa anafuata kanuni inayomhesabia kitabu kama inavyomhesabia kiti na meza, na kwa mujibu wa kanuni hiyo kitabu salama kabisa ni kile ambacho hakuna mtoto aliyekigusa. Chini ya utaratibu kama huo shule inaweza kupokea shehena ya vitabu kila mwaka, ikavipanga vizuri siku ya sherehe, na watoto wakamaliza elimu ya msingi wakiwa wameviona kwa mbali mara saba.

Jambo hilo linaweza kubadilishwa na watu waliopo shuleni, na ndiyo sababu ninalipa uzito. Kamati ya shule inaweza kuamua, na kuandika katika kumbukumbu zake, kwamba sehemu fulani ya vitabu vya hadithi itarajiwe kuchakaa na kupotea kila mwaka na kwamba hasara hiyo si kosa la mwalimu. Vitabu vya kiada vina muda wake wa kutumika unaokubalika. Vitabu vya hadithi vinastahili kuwa na muda wake pia. Mgeni rasmi, ambaye kwa kawaida ana mamlaka fulani, angetumia hotuba yake vizuri zaidi akitamka waziwazi mbele ya walimu na wakaguzi kwamba kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Tamko hilo moja lingefungua makabati mengi kuliko nasaha kwa watoto kuhusu faida za kusoma.

Kuhusu mavazi ya wahusika sina mengi. Kwa mtoto mdogo kujivika uhusika ni njia halali ya kuingia katika hadithi, mradi hadithi yenyewe ameisikia. Pale mavazi yanapogeuka kuwa gharama kwa mzazi, na mtoto asiye nayo akabaki nyumbani siku hiyo kwa kuona haya, sherehe imemfungia mlango yule yule iliyopaswa kumkaribisha, na hakuna uzuri wa picha unaofidia hilo.

Uchaguzi wa vitabu vya siku hiyo unahitaji uamuzi makini zaidi, na hapa mara nyingi shule huongozwa na majalada yanayong’aa. Mtoto anayeanza kusoma anahitaji kitabu katika lugha anayoielewa anapoisikia, kwa sababu ile ile ya kuzidisha iliyotajwa hapo juu. Kitabu cha lugha asiyoijua kinamfanya sifuri upande mmoja kabla hajaanza. Anahitaji pia vitabu vya viwango tofauti, vikiwamo vyenye sentensi moja kwa kila ukurasa, ambavyo mtoto wa darasa la nne aliyechelewa anaweza kuvisoma bila kuona kwamba amepewa kitabu cha watoto wadogo. Na anahitaji vitabu vya maarifa sambamba na vya hadithi, maana wapo watoto wengi wasiovutiwa na sungura na fisi ambao watakaa saa nzima juu ya ukurasa unaoonyesha injini inavyofanya kazi au mdudu anavyobadilika kutoka buu hadi mdudu kamili. Sherehe inayodhani kwamba kitabu maana yake ni hadithi inawapoteza hao mapema.

Yote hayo yakizingatiwa, siku yenyewe ingebadilika sura. Sehemu kubwa ya asubuhi ingetumika madarasani, katika vikundi vidogo, watu wazima wakisoma na watoto wakisikiliza, wakiuliza na kubisha. Wazazi wangealikwa kuja kufanya jambo, na mzazi asiyejua kusoma angealikwa kwa heshima ile ile kuja kusimulia, kwa kuwa usimulizi hujenga ule upande wa pili wa zao la Gough na Tunmer sawasawa na kitabu, na mtoto anayemwona mzazi wake akisikilizwa na darasa zima hupata sababu ya kusikiliza na yeye. Mashindano, kama ni lazima yawepo, yangehusu kuelewa. Watoto wa darasa la sita wangesomea wale wa darasa la kwanza, baada ya kujifunza kitabu kimoja kifupi kwa wiki mbili kabla. Na hapa mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa shida anapata kitu ambacho hakuna njia nyingine ya kumpa, yaani sababu ya heshima ya kurudia kitabu chepesi mara nyingi hadi akimudu, akiwa amekabidhiwa jukumu badala ya kupewa adhabu ya kurudishwa nyuma. Kisha kabla ya kwenda nyumbani kila mtoto angeondoka na kitabu alichokichagua mwenyewe, kilichoandikwa jina lake katika daftari la kuazima.

Wakati wa kuifanya nao una maana. Shule nyingi huweka siku hii mahali ambapo haitagongana na mitihani, na mara nyingi hapo huwa ni karibu na mwisho wa muhula, vitabu vikirudishwa stoo na watoto wakienda likizo. Ingekuwa bora ifanyike wiki za mwanzo za mwaka, ili iwe siku ya kufungua uazimaji, na kila kilichoanzishwa siku hiyo kiwe na miezi ya kuendelea. Upangaji wake uwe mikononi mwa walimu wa madarasa ya chini, ambao ndio wanaojua kwa majina ni nani anasoma na nani hasomi, kuliko kuachiwa mtu anayejua kupamba ukumbi.

Tathmini nayo ibadilike. Leo sherehe ikiisha huandikwa ripoti yenye idadi ya wageni, majina ya washindi na shukrani kwa wafadhili. Ripoti yenye manufaa ingeandikwa miezi mitatu baadaye, kwa kulifungua daftari la kuazima na kuliweka kando ya orodha ya mahudhurio ya kila darasa. Daftari hilo litaonyesha vitabu gani vilizunguka na vipi havikuguswa, na kwa hiyo vya kununua mwaka unaofuata vitajulikana bila kubahatisha. Litaonyesha pia majina ya watoto ambao hawakuazima kitabu hata mara moja tangu siku ile ya shangwe, na hayo ndiyo majina ambayo kamati ya sherehe ijayo inapaswa kuanza nayo kikao chake cha kwanza, kabla ya kujadili ni nani awe mgeni rasmi.